Vigango vya wazee wetu vitaibiwa mpaka lini??

Jamani hili jambo limenikaa rohoni leo nalitema. Hivi mtu anapata wapi ujasiri wa kwenda kung'oa kigango cha marehemu, anamuuzia dalali, dalali anamuuzia mzungu, kesho kimesimamishwa sebuleni kwa tajiri huko Marekani ati sanaa ya Kiafrika!

Kwa wasiojua, kigango anasimamishiwa mzee aliyekuwa wa Gohu, yaani chama cha siri cha wazee wenye heshima, na sisi Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama. Ni nguzo ya mti mgumu, vingine vinampita mtu urefu, juu kuna kichwa na chini yake kumechongwa vipembetatu vidogo vidogo mpaka chini. Koma ya mzee, yaani roho yake, ndo iko pale, anafungiwa vitambaa, anamwagiwa pombe ya mnazi, anaambiwa shida za boma. Na kikishasimama hakiguswi, hata familia ikihama kinaachwa palepale kioze chenyewe. Sasa hapo ndo wezi walipata mwanya, wanasema ooh kilikuwa kimetelekezwa. Kimetelekezwa na nani?? Kaburi la babu yako usipokaa karibu nalo limekuwa la kuuza?

Kuna mzee wa Kigiriama alipigwa picha 1985 na mtafiti Monica Udvardy, amesimama na vigango viwili vya ndugu zake. Haikupita muda vikaibiwa. Miaka baadaye kimoja kikaonekana chuo kikuu huko Illinois, kingine Hampton kule Virginia. Vimerudi 2006 na 2007 na mwenyewe ashakufa zamani, hakuviona tena. Halafu makumbusho ya Denver yalikubali 2014 kurudisha 30, vimefika Kenya 2019. Miaka mitano! Kuiba ni usiku mmoja.

Na hawa wanunuzi wasituambie hawakujua. Angalia vile vilivyoko makumbusho yao, vingi pale chini palipokuwa ardhini pameliwa, pamechakaa kuliko juu. Mtu mwenye akili anaona kabisa hiki kilikuwa kimechimbiwa mahali, hata swali moja halimtoki mdomoni??

Lakini mimi hasira yangu kubwa ni kwa wetu sisi, maana mzungu hajui njia ya kwenda bomani kwa mzee fulani, anaonyeshwa na kijana wa hapo hapo, anapewa hela ya siku mbili tatu na ile mali inaenda kuuzwa maelfu ya dola. Sheria ya makumbusho na turathi iko tangu 2006, ila kijijini nani anaiona ikifanya kazi.

Wale ambao kwenu bado viko, naomba mpige picha saa hii, mbele na nyuma, na mwandike ni cha nani na nani alikisimamisha, mbaki nazo watu kadhaa sio simu moja. Vile viwili vya ndugu za yule mzee vilijulikana ni vya nani kwa sababu picha ilikuwepo. Na ukiona mgeni anaulizia ulizia vigango usimwelekeze, ita wazee.