Wakala anasema ndege itanishusha Aldabra kwenyewe. Kuna aliyewahi kufika?

Mwalimu wa Jinja

Wadau, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Jinja, kwetu Arua. Nimeshika chaki miaka 22, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya mageuzi ya viumbe namchora ubaoni kobe mkubwa wa Aldabra. Wanafunzi hucheka, maana kobe wangu anafanana na sufuria iliyofunikwa. Basi nimeazimia kabla sijastaafu nikamwone kwao, kule Shelisheli.

Kwenye sako nina shilingi milioni 9. Wakala mmoja wa safari hapo Kampala (simtaji) ananiambia ndege itanishusha Aldabra, nitalala hoteli ya ufukweni siku tano, likizo ya Agosti. Anataka kianzio cha milioni 3 kabla ya Ijumaa. Mke wangu anasema nisubiri. Mwanangu anasema twende Kalangala, visiwani Ziwa Victoria, maji ni maji. Nishaurini.

Binti Entebbe

Mwalimu, shikamoo. Mwulize huyo wakala uwanja wa ndege wa Aldabra unaitwaje. Hakuna! Nakata tiketi za ndege mwaka wa saba huu. Shelisheli unashukia Mahé, kisiwa kikuu, na kutoka Entebbe lazima ubadilishe ndege njiani, Nairobi au Addis Ababa. Viza huhitaji, ila kuna kibali cha kuingia unachoomba mtandaoni kabla ya safari. Na kadi ya njano usiiache nyumbani, sisi tunaotoka Uganda wanatudai chanjo ya homa ya manjano.

Mke wako msikilize.

Mpishi wa Mashua

Salaam aleikum mwalimu. Mimi mtu wa Mombasa, sasa nakaanga samaki Kampala, ila ujana wangu niliupikia kwenye mashua za watalii. Aldabra nimefika mara mbili. Nikwambie ninavyopajua.

Kutoka Mahé ni zaidi ya kilomita 1,100 kuelekea kusini-magharibi. Mashua yetu ilikwenda siku tatu mchana na usiku, na siku ya kwanza nilipika wali ambao hakuna aliyeula. Wote walikuwa wameinamia ubavuni. Ndege ndogo za kukodi hutua Assumption, kisiwa cha jirani, na hapo bado unapanda chombo kuvuka kama kilomita 27. Hoteli Aldabra haipo. Wanaokaa pale ni wafanyakazi wachache wa kituo cha utafiti kilichoko kisiwa cha Picard tangu 1971. Mgeni analala chomboni.

Tena huendi kwa kujiamulia. Ni hifadhi ya urithi wa dunia tangu 1982, inalindwa na Seychelles Islands Foundation, na bila kibali chao hata nahodha hathubutu kukushusha. Kabla hujakanyaga nchi kavu wanakagua viatu, mifuko, hata mikunjo ya suruali, usije ukabeba mbegu ya jani geni. Mimi walinikuta na punje ya mtama mfukoni. Niliona haya kama mwizi.

Sasa hiyo Agosti ndiyo iliyonichekesha. Agosti ni kusi! Kuanzia Mei mpaka Oktoba upepo unatoka kusini-mashariki, bahari inachafuka, mashua za wageni haziendi kule. Ukitaka kwenda nenda nyakati za maleleji, pepo zinapobadilishana, Novemba hivi au mwezi wa tatu na wa nne.

Ukifika, mwalimu, utasahau shida zote. Hicho si kisiwa kimoja, ni pete ya visiwa vya matumbawe vyenye ziwa la bahari katikati. Vikubwa ni vinne: Picard, Polymnie, Malabar na Grande Terre. Bamvua ikija, maji yanapanda na kushuka karibu mita 3, na yakipwa ziwa lote linakimbilia nje kupitia milango michache. Ule mkondo unaunguruma kama maji ya bwawa la Owen Falls hapo kwenu. Sisi tulikuwa tunaingia na maji yakijaa, pamoja na kasa na papa wadogo, mikoko huku na huku. Ukichelewa kutoka, unalala kwenye matope mpaka maji yarudi.

Kobe? Wako zaidi ya laki moja. Saa sita mchana wanabanana chini ya kijiti kimoja kama abiria kwenye teksi ya Old Park, maana jua la pale linawaua. Na hili kawaambie wanafunzi: kobe wa pale anaweza kunywa maji kwa pua. Kwenye vidimbwi vya mwambani maji ni haba, hivyo anaingiza pua na kuvuta. Kuna na ndege mmoja wa kahawia, koo jeupe, mbawa anazo lakini haruki. Alikuja akadonoa kamba za viatu vyangu, viatu ambavyo tayari vilishachanwa na ule mwamba. Mwamba wa Aldabra ni visu vitupu.

Ila milioni 9 haikufikishi. Gharama haiko kwenye ndege, iko kwenye mashua. Kitanda kimoja ni maelfu ya dola.

Kijana wa Busia

Mimi ningechukua hiyo milioni 9 ninunue boda mbili. Kobe nitamwona kwenye simu.

Mwalimu wa Jinja

Busia, nimekusikia 😂 Boda haidumu kama kobe.

Binti Entebbe, nimempigia wakala, nimemwuliza jina la uwanja. Akasema atanirudia. Tangu juzi simu haipokelewi, na shilingi yangu hata moja hajaiona. Mama watoto ananipita nyumbani akiimba.

Mpishi, umenipa kazi ya kufikiri. Hivi hakuna pa kumwona kobe huyohuyo bila mashua ya siku tatu?

Mpishi wa Mashua

Yupo karibu kuliko unavyodhani. Nenda kisiwa cha Changuu, Unguja. Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza. Panda basi Kampala mpaka Dar es Salaam, vuka kwa boti, halafu kutoka Forodhani mashua ni kama nusu saa. Agosti kusi inatikisa kidogo tu. Hata Mombasa, Haller Park, wapo; ndiko kobe aitwaye Mzee alikofanya urafiki na kiboko mtoto baada ya tsunami ya 2004.

Umkune shingoni, polepole. Atasimama kwa miguu yote minne na kunyoosha shingo mpaka umwache.

Mwalimu wa Jinja

Changuu basi, Agosti hiihii. Tutakuwa wawili, mama watoto amesema haachwi. Chaki nitabeba, nikae chini nimchore upya mwenyewe akiwa mbele yangu.