Uchambuzi wa hadithi fupi za Karibiani: acheni kuwasingizia akina mama

Wakuu, uchambuzi unaozungushwa kwenye magrupu ya fasihi sasa umepitiliza. Kila hadithi fupi ya mwandishi mwanamke wa Karibiani inapewa maelezo yaleyale: mama kaingilia mapenzi ya binti, mama katili, binti kaonewa, basi. Wanaoandika hivyo wamesoma muhtasari wa mtu mwingine, na wanafunzi wanaunakili hivyo hivyo kwenye mitihani.

Chukueni "Girl" ya Jamaica Kincaid wa Antigua, iliyotoka kwenye The New Yorker mwaka 1978. Ni sentensi moja ndefu iliyounganishwa kwa nukta-mkato, mama anamshushia binti maagizo: nguo nyeupe zinafuliwa Jumatatu, za rangi Jumanne, shati la kaki la baba linapigwa pasi mpaka mkunjo uishe. Katikati ya maagizo hayo anamtajia binti umalaya, tena mara tatu, akimwambia amekazania kuwa malaya. Wachambuzi wakifika hapo wanafunga kitabu. Mbona hamfiki mwisho? Mama huyohuyo anamfundisha binti dawa ya kutoa mimba. Anamwonyesha mwanamume anavyomwonea mwanamke, na mwanamke anavyoweza kumwonea mwanamume. Anamfundisha kupenda, na kwamba njia moja ikigoma zipo nyingine, na zote zikigoma asijione vibaya kuachana nayo. Mama anayelinda ubikira peke yake angemfundisha hayo kwa lipi? Anamwandaa binti kwa yatakayomkuta, hata kama maneno yake ni makali, hamwachi binti mikono mitupu.

Halafu kuna wanaoibandika hadithi hiyo wakiikata vipande vya aya na kuondoa herufi za mlazo (italiki). Mnaiua! Binti anasema mara mbili tu, na mlazo ndio unaomtambulisha. Angalieni jibu lake la kwanza, pale anapokana kuimba benna, nyimbo za umbea, siku ya Jumapili. Linakuja limechelewa: mama ameshahamia kukataza kuongea na wavulana wahuni wa bandarini na kula matunda barabarani, na jibu likitoka tu, anaingia kwenye kushona kifungo. Kasi hiyo ndiyo nguvu ya mama. Mkiweka mistari ya mazungumzo ya kawaida, wanakuwa watu wawili wanaopokezana maneno kwa zamu, jambo ambalo halimo.

"Caroline's Wedding" ya Edwidge Danticat wa Haiti, kwenye mkusanyiko wake wa hadithi Krik? Krak! wa 1995, ndiyo inayoonewa zaidi. Mama Mhaiti anayeishi Brooklyn, New York, anapika supu ya mifupa akitumaini itamtoa binti yake Caroline kwa Eric, mchumba wake kutoka Bahamas. Mchambuzi anaandika "ushirikina", anahama. Na msako wa uhamiaji kiwandani je? Mama alikamatwa ana mimba ya Caroline, akachomwa sindano ya kumtuliza; Caroline alizaliwa mkono wa kushoto haujatimia, na mama anaamini sindano ndiyo iliyosababisha. Na baba aliyeingia Marekani kwa ndoa ya karatasi na mwanamke mwingine? Mama huyu ameona ndoa ikigeuzwa kibali cha kuingia nchi. Kwake, mwanamume kumchukua binti bila wazee kuja kuposa ni jambo zito, si ubishi wa mzee. Na bado siku ya ndoa mbele ya hakimu, anakwenda.

Pia ulizeni nani anasimulia kabla ya kumhukumu mama. Kwa Danticat ni Grace, dada wa Caroline, kwa hiyo kila tunachojua kuhusu mama kimepita kwake. Kwenye "The Two Grandmothers" ya Olive Senior wa Jamaika, binti anaongea na mama yake mwanzo hadi mwisho, kuhusu ngozi, nywele na bibi yupi wa kumwonea fahari. Mama hasikiki akijibu hata mara moja. Nimekuta uchambuzi unaosema mama huyo "anamwamuru" binti. Anamwamuru ukurasa upi? Aliyeandika aje atuonyeshe.