Mdogo wangu na video za mkorogo: nimwambie nini?

Fundi cherehani, Kisenyi
Jamani, naombeni ushauri. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, tunalala kitanda kimoja hapa Kisenyi, Kampala. Kila usiku anatazama video za dada mmoja anayekoroga mafuta ya kujichubua ngozi iwe nyeupe kwenye beseni la bluu: losheni chupa nzima, tyubu tatu za dawa ya ngozi, na vidonge vilivyotwangwa. "Wapenzi, siku 14 tu." Kisha picha mbili: ya kwanza gizani, amenuna, ya pili dirishani, kapambwa.

Juzi niliisimamisha video pale anapofunga chupa. Uso mweupe kama ganda la yai, vifundo vya vidole vyeusi ti! Nikamwonyesha mdogo wangu. Akanijibu, "Dada, mikono bado hajaifikia." Jana nimekuta kikopo cha mafuta hayo chini ya godoro. Nimeumia sana. Mimi ndiye niliyemwita "mweusi wangu" tangu utotoni, nikidhani anajua ni mapenzi.

Muuguzi, Arua
Pole dada. Usimfokee. Muulize ameanza lini. Tyubu zile mara nyingi ni klobetasoli, steroidi kali ya kutibu ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi. Ukijipaka mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka michirizi, hata kidonda kinachelewa kupona. Kama ni muda mrefu, asiache ghafla bila daktari, maana ngozi inaweza kuwaka nyekundu kama iliyoungua.

Kikopo chenyewe huenda kina zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya mwilini na kuharibu figo. Akiona mkojo una povu, au uso umevimba asubuhi, msingoje. Nawe ujiangalie, kwa kuwa inahama kupitia shuka na taulo.

Niliyeuza vipodozi, Kikuubo
Niliuza mafuta haya miaka minne na yananisuta hadi leo. Shirika la Viwango la Uganda limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kuchubua ngozi, ila vinaingia tu. Soma boksi: ukiona "calomel", au onyo kwamba yasigusane na dhahabu wala fedha, hiyo ni zebaki.

Kitu ambacho video haitakuonyesha ni mteja wa mwaka wa tatu. Mmoja alikuja na madoa mashavuni, rangi ya bluu iliyochanganyika na majivu. Haidrokwinoni ndiyo huleta madoa ya namna ile. Yeye alidhani mafuta yamepungua nguvu, akaomba vikopo viwili. Nami nikamuuzia.

Fundi cherehani, Kisenyi
Asanteni sana. Nimemsomea yote kwa sauti, hapo kwenye mteja wa mwaka wa tatu akazima simu. Amekuwa akijipaka tangu mwezi uliopita. Nikamwomba radhi kwa lile jina. Akanyamaza kitambo, halafu akauliza mkojo wa kupimwa unabebwa kwenye nini. Kesho alfajiri tunakwenda kliniki, na kikopo nimekifunga kwenye mfuko tukakionyeshe.