Staring akishakuwa na nguvu, hawa wengine wanabaki na nini?

MamaTwinsSection58 (Nakuru)
Hamjambo wadau. Kuna drama moja ya hapa Kenya sitaitaja, tunaiangalia na mama mkwe kila jioni. Ilipoanza kulikuwa na jirani wa staring, mama muuza mboga, na huyo mama alikuwa na maisha kabisa, deni la chama, kijana amekataa shule anataka boda, bwana haonekani mwezi mzima, yaani mimi nilikuwa naangalia juu yake. Sasa tangu jina la staring lianze kutokea pale mwisho kama prodyusa, yule mama kazi yake imekuwa kubisha mlango, kuambia staring "pole, Mungu yupo" na kutoka. Deni la chama liliishia wapi? Kijana je? Mama mkwe huniuliza kila siku na sina jibu. Nataka kujua kwa wale wanaelewa hii kazi, ni staring huwa anaamua ama ni waandishi wamesahau? Inaniuma kweli, juu huyo mama anajua kuigiza.

NyarManyatta (Kisumu)
Dada, hawajasahau. Nimewahi kuigiza kwa moja, nilikuwa mfanyakazi wa nyumba, na nakuambia venye inafanyika. Mnakaa kusoma skripti pamoja, mkifika kwa ile laini tamu ya kufunga sini, staring anasema hii ingetoka kwangu ingekuwa na uzito. Nani atakataa? Stesheni imenunua ile sura na matangazo yanakuja juu ya hiyo sura, na wewe unalipwa kwa siku ya shuti, ukisumbua wiki ijayo hauitwi. Halafu kuna mambo ya muda, sini zake zinashutiwa kwanza, zako zinasukumwa mpaka jua linazama, dairekta anaunganisha tatu zinakuwa moja, na ile iliyoeleza kwa nini unalia ndio imetupwa.

Lakini iliyoniumiza zaidi ni kamera. Nilikuwa na sini ya kusema mtoto wangu amekufa, nililia mpaka watu wa taa wakanyamaza. Ikionyeshwa kwa TV, sauti ni yangu lakini uso ni wa staring akinisikiliza na machozi yake. Watu wa kwetu walinipigia simu kunisifia yeye.

MwalimuLurambi (Kakamega)
Pole sana Nyar Manyatta, hiyo ni uchungu. Lakini wacha nipinge kidogo, nguvu ya staring si mbaya yenyewe, inategemea anaifanyia nini. Angalieni Papa Shirandula, kile kipindi cha vichekesho cha hapa Kenya. Charles Bukeko alikuwa ndiye jina la kipindi, angetaka kicheko chote kingekuwa chake. Ila alicheza mtu wa kubanwa, soja wa geti anayemficha bibi yake kazi anayofanya, na uongo kama huo hauchekeshi mpaka kuwe na mtu karibu kukushika, kwa hivyo Wilbroda, huyo bibi yake, lazima awe mkali, na wahusika wengine kama Otoyo na Njoro lazima wawe na akili zao. Awinja, mhusika mwingine, akiongea, Papa anatulia kabisa, anampa nafasi. Ndio maana kila mmoja wao alitoka pale na jina lake, Jacky Vike watu wanamwita Awinja mpaka leo, na Otoyo wetu Felix Odiwuor alichaguliwa mbunge wa Lang'ata 2022. Bukeko alipofariki Julai 2020 tukamzika Busia, kipindi nacho kikaisha. Hata na uwezo wote ule, hao wengine bado walikuwa wamesimama juu yake.

Kipchumba_Njoro
Mwalimu umesema kweli. Na hata huko Marekani iko. Family Matters, komedi ya familia moja, kijana wa jirani anaitwa Urkel aliletwa kama mgeni wa mara moja tu, watu wakampenda mpaka akawa ndiye kipindi, na yule msichana mdogo wa hiyo familia, Judy, akaacha kuonekana 1993 bila hata neno moja la maelezo. Mtoto wa nyumba! Grey's Anatomy nayo, ile drama ya hospitali, staring wake Ellen Pompeo alipopunguza kuigiza mwaka wa 2022, ikatangazwa ni episodi 8 tu kwa sizoni nzima, ndio madaktari wapya watano wakaingizwa. Staring akisogea kidogo watu wanapata mahali pa kukaa.

MamaTwinsSection58 (Nakuru)
Asanteni nyote, Nyar Manyatta nimekuombea. Jana usiku niliamua kuangalia kamera kama ulivyosema. Mama mboga amepewa sentensi nne. Tatu kati ya hizo tulikuwa tunaangalia uso wa staring. Ile ya nne alikuwa ameshafika mlangoni, amegeuza mgongo, na mama mkwe akasema, "hata leo hajaulizwa mtoto wake yuko wapi."