Naomba ushauri: PHP, vairabo ikiwa tupu niipeje thamani ya kuanzia bila kuharibu 0

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada kidogo kwenye PHP (lugha ya programu za tovuti). Nina fomu ya mauzo ya duka, kuna sehemu ya punguzo na ya idadi, muuzaji akiziacha wazi nataka punguzo lisome 5 na idadi 1. Nikitumia empty(), ile inayoangalia kama vairabo (variable) ni tupu, shida inakuja muuzaji akiandika 0 kwa makusudi, yaani hataki kutoa punguzo, PHP inaihesabu hiyo "0" kuwa ni tupu halafu mteja anapewa ile 5 😅 mwenye duka ataniua. Ile ?: fupi (inayochukua thamani mbadala ya kwanza ikiwa tupu) nayo ni yale yale.

Kwenye ?? ya PHP 7 (inayoweka thamani mbadala kitu kikiwa null, yaani hakina thamani kabisa) hapo 0 inabaki 0 na hata kama vairabo haipo hailalamiki, ila kisanduku kikiachwa wazi fomu inatuma '' (maandishi matupu) na sio null, kwa hiyo ?? inaona kuna kitu inakiacha hivyo hivyo.

Kwa sasa nimeandika hivi:

$p = trim($_POST['punguzo'] ?? '');
$p = $p === '' ? 5 : $p;

Inafanya kazi, lakini fomu ina sehemu kibao, kurudia hii mistari kila mahali naona uchafu tu. Nyie mnafanyaje, fankisheni moja ya kupitishia zote, au mnapanga array (orodha) ya thamani za kuanzia halafu mnaiunganisha kwa array_merge na $_POST (data iliyotoka kwenye fomu) baada ya kuchuja zile ''? Seva ya mwenye duka bado ni PHP 7.2 so hata ??= (ya kuipa vairabo thamani ikiwa null) sina, imeanza 7.4, msinipe vitu vya PHP 8 tafadhali.