Niache rangi za mafuta nihamie sanaa ya dhana, ile ambayo wazo ndilo kazi yenyewe? Naombeni ushauri

Mleta mada: Wakuu, nimekwama, usingizi sipati. Miaka 9 nachora sura za watu kwa rangi za mafuta. Kazi ya mwisho, uso wa mzee, imenichukua miezi 7. Hata vinyweleo vya masikioni vinahesabika. Msimamizi wa maonyesho kaitazama, kasema, "Mkono unao, ila husemi kitu," akapita. Niachane na ufundi nifuate ujumbe?

Mwalimu Mstaafu: Usiache. Vijana mnapenda kuruka hatua. Mchoraji Picasso mwaka 1897, hajatimiza hata miaka 16, alichora "Sayansi na Hisani" kwa ufundi wa darasani kabisa. "Guernica", picha yake maarufu ya kupinga vita, ikaja 1937. Hesabu mwenyewe hiyo miaka 40. Nimefundisha wengi waliokimbilia ujumbe mapema. Walikuwa na la kusema, mkono ukakataa.

Udongo Mbichi: Mwalimu, msanii Duchamp mwaka 1917 alipeleka chombo cha kukojolea kwenye maonyesho New York. Hakukitengeneza yeye. Kilikataliwa, na mpaka leo tunakibishania. Mimi nilikuwa mfinyanzi, vyungu vyangu havikuwa na kasoro, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali juu yake. Nilipoanza kuviacha na nyufa ndipo watu wakasimama.

Swali Moja: Mleta mada, huyo mzee ni nani?

Mleta mada: Mzee tu.

Swali Moja: Mzee yupi?

Mleta mada: Picha niliikuta intaneti. Simjui. Lakini mwanga niliubadilisha mwenyewe, na sikuuliza hilo. Nimeshakusanya viatu chakavu 200 vya kutandaza ukumbini, maelezo ya kurasa 2 yako tayari.

Haki Kwanza: Kuchukua picha ya mwenzio bila ruhusa ni kosa. Tuanzie hapo.

Swali Moja: Na viatu je, ni vya nani? Msanii Felix Gonzalez-Torres alirundika peremende, uzito wake karibu kilo 79. Kila mgeni anaruhusiwa kuchukua, rundo linapungua. Ile ni sura ya mpenzi wake Ross, aliyepungua hivyo hivyo mpaka akafariki kwa UKIMWI mwaka 1991. Mwondoe Ross, zinabaki peremende. Wewe umemwondoa mtu mara mbili, kwenye mzee na kwenye viatu.

Mkaguzi: Hii chai. Uso mmoja miezi 7, halafu ghafla viatu 200? Kama kweli unachora, tuambie kivuli cha ngozi unakianzaje.

Mleta mada: Naanza na kijani cha udongo, chepesi, chini ya ngozi yote. Kikikauka napitisha wekundu juu, tabaka baada ya tabaka, kijani kikichungulia chini ya macho na kwenye taya. Ukiharakisha, ngozi inageuka tope.

Mkaguzi: Nafuta kauli, samahani. Sasa mkono kama huo, kwa nini hukuchora mtu unayemjua?

Mleta mada: Kwa sababu angekuja kuiona.