Ushauri: Nitawashawishije wazazi na mwalimu mkuu wakubali ufundishaji wa lugha mbili?

MamaPacha:
Wanajamvi, habari za muda huu. Nipo kwenye kamati ya wazazi ya shule ya umma ambako karibu nusu ya watoto wanaongea nyumbani lugha tofauti kabisa na ya kufundishia. Wanaanza la kwanza wakiwa wachangamfu, baada ya muda wanakaa kimya nyuma ya darasa. Akili wanazo, waulize hesabu kwa lugha yao uone. Nataka nipendekeze masomo yafundishwe kwa lugha zote mbili, watoto wote wakae pamoja. Wazazi wa lugha ya shule wanahofia watoto wao watarudi nyuma. Kinachoniumiza zaidi, wazazi wa lugha ile nyingine nao wanasema: "Yetu tutawafundisha nyumbani, shuleni wapewe ya kutafutia kazi." Mwalimu mkuu anaogopa mitihani. Nianzie wapi?

Mwl_Chaki:
Dada, anza na hao wanaosema "tutawafundisha nyumbani". Hofu yao ina msingi, kwa hiyo wahakikishie kwamba lugha ya shule haiondolewi. Mtoto akishajua kusoma kwa lugha anayoielewa, hajifunzi kusoma upya akihamia ya pili. Anaongeza msamiati, sauti na tahajia.

Nafundisha darasa la namna hiyo. Kwenye somo la sehemu, mtoto mmoja alikunja karatasi mara mbili akamwonyesha mwenzake robo, wakibishana kwa lugha ya nyumbani. Kesho yake kipindi kikawa kwa lugha ya shule, na yule mwenzake ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Robo alishaijua, alikuwa anangoja kuambiwa inaitwaje.

Ila msikubali mwalimu aseme sentensi kisha aitafsiri papo hapo. Watoto watasubiri lugha wanayoielewa, ile nyingine itawapita. Tenganisheni vipindi.

Mdadisi:
Naunga mkono, lakini hela je? Wakisikia walimu wawili kwa darasa moja, faili linafungwa siku hiyohiyo.

Mwl_Chaki:
Mkuu, si lazima iwe hivyo. Mikondo miwili, walimu wawili, kila mmoja na lugha yake. Mchana wanabadilishana madarasa. Idadi ya walimu ni ileile. Gharama iko kwenye vitabu, na kazi kubwa ni kumpata mwalimu anayeweza kufundisha sayansi kwa hiyo lugha, maana kuiongea tu hakutoshi.

Mzee_wa_Maktaba:
Kwa wazazi wa lugha ya shule, wapelekee mifano. Mwaka 1963 shule ya umma ya Coral Way, Miami, iliwaweka pamoja watoto wa wakimbizi wa Cuba na wenzao wa Kiingereza, nusu siku Kihispania, nusu siku Kiingereza. Mwaka 1965 huko St. Lambert, karibu na Montreal, Kanada, wazazi wanaozungumza Kiingereza ndio waliodai watoto wao waanze shule kwa Kifaransa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia wale watoto, na Kiingereza chao hakikuharibika. Tena California ilibana ufundishaji wa lugha mbili kwa kura ya wananchi mwaka 1998, ikaja kuufungulia mlango tena kwa kura mwaka 2016.

Kuhusu mitihani, mwambie mwalimu mkuu mapema na kwa maandishi: lugha ya kuongea huja kwa takriban miaka miwili, ya kimasomo huchukua mitano hadi saba. Mkipimwa darasa la pili mtaonekana mmeshindwa. Ombeni tathmini ya darasa la tano au la sita, na msikubali mpango unaokatwa la tatu.

MamaPacha:
Asanteni sana, nimepata pa kushika. Swali moja: nusu kwa nusu tangu mwanzo, au tisini kwa kumi?

Mwl_Chaki:
Tisini kwa kumi, yaani lugha isiyo ya shule inatawala mwanzoni halafu inapungua hadi nusu, huijenga vizuri zaidi ile lugha dhaifu. Lakini kwa wazazi wenye hofu kama wenu, ombeni nusu kwa nusu, kuanzia darasa la kwanza pekee, na kila mwaka muongeze darasa moja.